Njiwa, Farasi na Mgongo wa Nyanya

Ukitaka kuelewa kwa nini nyanya yako amepinda mgongo, anza na njiwa.

Mwaka wa 1934, Wamarekani wawili, Preston Kyes na Truman Potter, walichunguza mifupa ya njiwa. Ndani ya mifupa ya njiwa jike anayekaribia kutaga, pale ambapo kwa kawaida kuna uboho na nafasi tupu, walikuta mfupa mwingine umejengeka. Madume hawakuwa nao. Ukifikiria kidogo, inaeleweka. Ganda la yai ni kalsiamu, na kalsiamu hiyo lazima itoke mahali. Kwa hivyo kabla ya kutaga, mwili wa jike unaweka akiba kwenye mifupa, halafu unaitoa wakati ganda linatengenezwa. Anayetoa amri ya kuweka akiba ni estrojeni, homoni ya ovari. Baadaye ilionekana kwamba hata dume akidungwa estrojeni, mifupa yake inajaa vilevile.

Habari hiyo ya njiwa ilimfikia daktari mmoja mjini Boston aliyeitwa Fuller Albright, wa hospitali ya Massachusetts General. Albright alikuwa na wagonjwa waliomsumbua akili. Walikuwa wanawake wa miaka hamsini na kitu, wengine hata chini ya hapo, ambao pingili za uti wa mgongo zilikuwa zinajikunja kama kopo lililokanyagwa. Hawakuwa wameanguka wala kugongwa na gari. Mtu aliinua tu kitu kizito, akasikia mgongo umelia, na kuanzia hapo akawa mfupi.

Ugonjwa wenyewe haukuwa mpya. Huko London, miaka ya 1820, daktari wa upasuaji Astley Cooper alikuwa ameshaandika kwamba mifupa ya wazee huwa myembamba na laini, na ndiyo maana nyonga zao huvunjika. Karibu wakati huohuo, Mfaransa wa Strasbourg, Jean Lobstein, aliupa jina: osteoporosisi, yaani mfupa wenye matundu. Lakini kwa zaidi ya miaka mia moja, ukiuliza sababu, jibu lilikuwa neno moja. Uzee.

Albright hakuridhika, na sababu ni hesabu. Aliwakusanya wagonjwa 42 wa chini ya miaka 65 ambao mifupa yao ilikuwa imekonda bila sababu inayojulikana. Kati yao, 40 walikuwa wanawake ambao hedhi ilikuwa imekoma. Sasa jiulize. Kama ni uzee tu, wanaume wa umri huo walikuwa wapi? Si wao pia walikuwa wanazeeka?

Akakumbuka njiwa. Akawapa wanawake hao estrojeni, kisha yeye na wenzake wakafanya kazi ambayo hakuna mtu angeitamani: kupima kalsiamu iliyoingia kwa chakula na kalsiamu iliyotoka kwa mkojo na kinyesi. Kabla ya dawa, mwili ulikuwa unatoa zaidi ya unachoingiza. Baada ya dawa, uvujaji ukapungua. Katika maandishi yake ya 1940 na 1941, Albright aliupa ugonjwa huo jina linaloutaja ukomo wa hedhi moja kwa moja. Kwa mara ya kwanza, mgongo uliopinda ulikuwa na sababu iliyoweza kupimwa kwenye maabara.

Mimi si daktari. Nilisoma chuo kikuu miaka miwili, karo ikakatika, na tangu hapo naandika chochote kinacholipa: maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi, wakati mwingine insha kama hii. Hadithi hii nilianza kuifuata kwa sababu ya nyumbani. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa mrefu kuliko babu. Kwenye picha yao ya harusi anaonekana wazi, babu amesimama kando kama mtu anayengoja ruhusa. Leo nyanya ananifika begani, na mimi si mrefu. Alipelekwa hospitali kwa maumivu ya mgongo mara nyingi kiasi kwamba hakuna anayekumbuka hesabu, na kila mara alirudi na vidonge vya maumivu na sentensi ileile: "Ni uzee, mama, utazoea." Hakuna aliyemuuliza hedhi yake ilikoma lini. Nilimuuliza mimi, mwaka jana. Akacheka, akaangalia mlango kama kuna mwanamume anayesikiliza, halafu akasema: miaka arobaini na moja.

Hiyo ni mapema. Wanawake wengi hufika karibu na hamsini. Na kwa mifupa, miaka tisa ya kukosa estrojeni si mchezo.

Hebu nieleze mfupa unavyofanya kazi, kwa sababu shuleni tulichora mifupa kana kwamba ni mawe. Mfupa uko hai. Kila siku kuna seli zinazovunja sehemu kuukuu na seli zingine zinazojenga upya, kama mafundi wawili kwenye nyumba moja. Ukiwa kijana, mjenzi ana kasi kuliko mvunjaji, na mfupa unaongezeka. Kufikia karibu miaka thelathini unakuwa umefika kileleni. Baada ya hapo wanalingana kwa muda, halafu polepole mvunjaji anaanza kushinda. Kazi kubwa ya estrojeni ni kumzuia mvunjaji. Albright mwenyewe alidhani estrojeni inamsukuma mjenzi; ilichukua miongo kadhaa kujulikana kwamba zaidi inamfunga breki yule mwingine. Hedhi ikikoma, breki inaachiwa. Katika miaka mitano hadi saba ya kwanza, mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa wake.

Waswahili husema akiba haiozi. Hii inaoza.

Sasa tuingie kwa farasi. Estrojeni ilikuwa ghali na ngumu kutengeneza, mpaka ikagundulika kwamba mkojo wa farasi jike mwenye mimba umejaa homoni hiyo. Mwaka wa 1941 kidonge kilichotokana na mkojo huo kikaanza kuuzwa Kanada, na mwaka uliofuata kikaidhinishwa Marekani. Kiliitwa Premarin, jina lililokatwakatwa kutoka kwa maneno ya Kiingereza ya "mkojo wa farasi wenye mimba." Hawakuficha hata.

Mwanzoni kilikuwa cha joto la ghafla na kukosa usingizi wakati wa ukomo wa hedhi. Halafu mwaka wa 1966, daktari wa wanawake wa New York, Robert Wilson, akatoa kitabu kilichoitwa Feminine Forever. Ujumbe wake ulikuwa kwamba kukoma hedhi ni ugonjwa wa upungufu, na mwanamke asiyetumia homoni anaoza kama mwanamke na kumharibia mume maisha. Kitabu kiliuzwa sana. Miaka mingi baadaye, mwanawe alikuja kusema kwamba kampuni za dawa zilimlipia baba yake gharama za kazi hiyo.

Hapo ndipo mimi hukasirika. Albright alikuwa na swali la kweli kuhusu mifupa. Wilson alilichukua akalifanya swali la urembo. Na tangu hapo, mambo mawili tofauti yakafungwa kamba moja: mwanamke asivunjike nyonga, na mwanamke asichushe machoni pa mwanamume. Aliyekataa la pili mara nyingi alitupa na la kwanza.

Bili ilikuja Desemba 1975. Tafiti mbili zilizochapishwa siku moja zilionyesha kwamba wanawake waliotumia estrojeni peke yake walipata saratani ya utando wa mji wa mimba mara kadhaa zaidi ya wasiotumia. Mauzo yakaanguka. Madaktari wakajifunza kuongeza homoni ya pili, projestini, ili kuulinda mji wa mimba, na polepole dawa ikarudi. Safari hii mifupa ikawekwa mbele kama sababu ya kuitumia. Kufikia 1992, Premarin ilikuwa ndiyo dawa iliyoandikwa na madaktari zaidi ya zote Marekani.

Halafu Julai 2002, bomu lingine. Utafiti mkubwa ulioitwa Women's Health Initiative, wenye wanawake 16,608 kwenye sehemu hiyo ya homoni mbili, ulisimamishwa kabla ya wakati. Vichwa vya habari vilisema saratani ya matiti imeongezeka kwa asilimia 26. Ni kweli. Lakini asilimia bila hesabu kamili ni kama bei bila kuambiwa ni ya kilo au ya gunia. Kati ya wanawake 10,000 wanaotumia dawa kwa mwaka mmoja, saratani ya matiti iliongezeka kwa watu 8, na kiharusi kwa watu 8. Nyonga zilizovunjika zilipungua kwa watu 5. Na wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, zaidi ya mwongo mmoja baada ya hedhi kukoma kwa wengi wao. Kwa mwanamke wa miaka 50 aliyekoma juzi, mizani hailali hivyo hivyo, na ndivyo madaktari wengi wanavyofundisha sasa. Lakini mamilioni walikuwa wameshaacha dawa kwa woga.

Kinachochekesha, na si kicheko cha furaha, ni kwamba utafiti huohuo uliowatia watu hofu ndio uliothibitisha, kwa njia kali kuliko zote zilizotangulia, kwamba Albright alikuwa sahihi. Homoni zinapunguza kuvunjika kwa nyonga. Yeye hakuwepo kusikia. Alikuwa na ugonjwa wa Parkinson tangu akiwa daktari kijana, akafanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka wa 1956, na hakuweza kuzungumza tena mpaka kifo chake mwaka wa 1969.

Nikiwasimulia marafiki haya, wanaume kwenye meza huanza kuangalia simu. Mambo ya kina mama. Basi simu chini kidogo, ndugu yangu.

Mwaka wa 1994, madaktari wakiongozwa na Eric Smith wa Cincinnati walichapisha habari za mwanamume wa miaka 28. Alikuwa na urefu wa sentimita 204 na bado alikuwa anaendelea kurefuka. Testosteroni yake ilikuwa sawa kabisa. Ndevu, sauti, misuli, yote sawa. Lakini mifupa yake ilikuwa na umri wa mtoto wa miaka 15, miisho yake haikuwa imefunga, na ilikuwa imekonda kama ya mtu mwenye osteoporosisi. Tatizo lilikuwa nini? Alizaliwa na hitilafu iliyofanya mwili wake usiisikie estrojeni. Homoni ilikuwepo, tena nyingi, lakini mlango wake ulikuwa umefungwa.

Miaka mitatu baadaye Waitaliano wakaripoti mwanamume mwingine ambaye mwili wake haukuweza kutengeneza estrojeni. Walijaribu kumpa testosteroni, mifupa haikujali. Wakampa estrojeni, miisho ikafunga na mfupa ukaanza kujaa.

Kwa lugha ya mtaa: ile "homoni ya wanawake" ndiyo inayoshikilia mifupa ya mwanamume. Mwili wa mwanamume huchukua sehemu ya testosteroni yake na kuigeuza estrojeni, na kwa sababu testosteroni haikomi ghafla kama hedhi, yeye anashuka ngazi polepole pale mwanamke anapoanguka toka dirishani. Lakini anashuka. Duniani, karibu mwanamume 1 kati ya 5 aliyepita miaka hamsini atavunjika mfupa kwa sababu hii, ukilinganisha na mwanamke 1 kati ya 3. Na mwanamume akivunjika nyonga, uwezekano wa kufa ndani ya mwaka mmoja ni mkubwa kuliko wa mwanamke. Wanaotibiwa saratani ya tezi dume kwa dawa za kushusha testosteroni hupoteza mfupa kwa kasi. Ni wangapi huambiwa?

Sasa mtu ataniuliza: kama ni homoni, mbona bibi zetu wa zamani hawakujaa hospitalini? Swali zuri, na jibu lake la kwanza lilitoka kaburini.

Miaka ya 1980, kanisa la Christ Church la Spitalfields, London, lilikuwa linakarabatiwa, na chini yake kulikuwa na majeneza ya watu waliozikwa kati ya 1729 na 1852. Watafiti walipima mifupa ya nyonga ya wanawake hao na kuilinganisha na ya Waingereza wa leo. Matokeo yalichapishwa 1993: wanawake wa zamani walipoteza mfupa polepole zaidi, kabla na hata baada ya umri wa ukomo wa hedhi. Hawakuwa na vidonge vya kalsiamu. Spitalfields ulikuwa mtaa wa wafumaji wa hariri, watu wa kusimama, kubeba na kutembea, na watafiti walidhani hiyo huenda ndiyo sehemu ya maelezo.

Inalingana na tunachojua. Tangu 1892, Mjerumani Julius Wolff alikuwa ameandika kwamba mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaobebeshwa. Mwaka wa 1977 walipimwa wachezaji wa tenisi waliobobea, na mfupa wa mkono wanaochezea ulikuwa mnene kuliko ule mwingine, kwa wanaume kwa karibu theluthi moja. Mtu yuleyule, homoni zilezile, chakula kilekile. Na wanaanga, ambao miili yao haibebi uzito wowote, hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi.

Lakini usikimbilie kusema "basi Waafrika tuko sawa, sisi tunabeba maji." Uvivu huo wa kufikiri una historia yake. Mwaka wa 1968, wakati wa ubaguzi wa rangi, daktari Louis Solomon alichapisha takwimu za Johannesburg zilizoonyesha kwamba Waafrika walivunjika nyonga kwa kiwango cha chini kuliko karibu popote pengine palipokuwa pamepimwa. Takwimu ni takwimu. Shida ni walichofanya nazo watu waliofuata: wazo likatulia kwamba mifupa ya Mwafrika ni ya chuma. Kisha 1996, watafiti waliofanya kazi vijijini Gambia wakachapisha jambo la kutatiza. Wanawake wazee wa huko walikuwa na mifupa yenye madini machache kuliko Waingereza, na chakula chao kilikuwa na kalsiamu kidogo sana. Lakini kuvunjika kulikuwa nadra. Kwa hivyo mifupa haikuwa ya chuma. Kulikuwa na kitu kingine kwenye maisha yao kilichowalinda, na maisha hubadilika.

Yangu yamebadilika. Nyanya alitembea kwenda mtoni; mimi napanda bodaboda kutoka geti hadi stejini. Nakaa kwenye kiti saa tisa nikiandika maelezo ya viatu vya kukimbilia. Tuko kizazi cha kwanza katika familia kinachoweza kumaliza siku nzima bila kubeba kitu kizito kuliko laptopu. Ongeza sigara, ambayo hushusha estrojeni na kuleta ukomo wa hedhi mapema kwa mwaka mmoja au miwili. Ongeza pombe ya kila wikendi. Na tunaishi hivyo katika miaka ileile ambayo akiba inawekwa kwa mara ya mwisho.

Upande wa pili pia upo, wa wanaojikondesha. Mwaka wa 1984 Barbara Drinkwater alipima wanariadha wanawake ambao hedhi ilikuwa imekatika kwa mazoezi makali. Wastani wa umri wao ulikuwa karibu miaka 25. Uti wa mgongo wao ulilingana na wa mwanamke wa miaka 51. Walikuwa wanakimbia kila siku, mfupa ukibebeshwa mzigo vizuri kabisa, na bado haukutosha, kwa sababu mwili usiolishwa hufunga ovari. Wolff peke yake hatoshi na Albright peke yake hatoshi. Kwa hivyo dada, ukikosa hedhi miezi mitatu na huna mimba, usifurahie kwamba umeokoa pesa ya pedi.

Halafu kuna sindano. Ile ya miezi mitatu, ambayo nusu ya marafiki zangu wanatumia na ambayo ni kati ya njia za kupanga uzazi zinazotumika zaidi Kenya. Inashusha estrojeni, na mfupa hupungua kiasi inapotumika. Mwaka wa 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kwenye paketi. Shirika la Afya Duniani lilipitia ushahidi na kusema wanawake wa miaka 18 hadi 45 wanaweza kuendelea kuitumia bila kikomo cha muda, kwa sababu mfupa hurudi kwa sehemu kubwa ukiacha. Sisemi mtu aache; mimba usiyoipanga ina hatari zake. Ninachosema ni kwamba katika wanawake niliowauliza mtaani kwetu, hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia neno "mfupa" kwenye chumba cha sindano. Wamarekani walibandikiwa onyo. Sisi tulibandikwa sindano.

Ndiyo maana nikawa mkali na hili neno uzee. Si neno baya. Lakini linapotamkwa na mtu aliyevaa koti jeupe, mara nyingi maana yake ni kwamba mazungumzo yameisha. Albright aliyafungua 1940 kwa kuhesabu watu 42 na kukataa jibu la bure. Vipimo vipo sasa, ingawa mashine ni chache na nyingi ziko mjini. Dawa za mifupa zisizo homoni zipo pia. Lakini hata bila mashine, kuna maswali ambayo hayagharimu kitu.

Mama yangu ana miaka 52. Nimemuuliza hedhi ilikoma lini, kama urefu wake umepungua, na kama amewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu. Aliniambia nina maswali ya polisi, halafu akajibu yote. Nimeyaandika, na kliniki ijayo tunaenda nayo. Muulize wako wiki hii. Na baba pia, hata akijifanya hasikii.